Masika na Pumzi ya Mizizi

Masika yakishakolea katika mwambao wetu, na maji yakaanza kutuama mabondeni, aghalabu wakulima hulalamika kwamba mahindi yao, yaliyoota kwa siha njema, yamegeuka manjano kuanzia majani ya chini. Na jambo la kwanza linalowajia akilini ni kuyatia mbolea. Mintarafu ya haraka hiyo nina shauri.

Haraka hiyo hutokana na dhana kongwe ya kwamba mmea hula udongo, dhana iliyokwisha kupingwa zamani. Jan Baptist van Helmont wa Brussels, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648 baada ya kufa kwake, alipanda mche wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, akaunywesha maji muda wa miaka 5, na alipoupima tena akaukuta umepita ratili 169, ilhali udongo umepungua kiasi cha wakia 2 tu. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji, na hapo hakusibu, maana kazi ya hewa ilikuwa bado haijajulikana. Jani ndilo lipikalo: huvuta hewa ya kaboni kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, likaichanganya na maji yaliyopanda kutoka mizizini, na kwa nguvu ya jua likafanya sukari. Udongo hutoa maji hayo na chumvichumvi chache, kama naitrojeni, ambayo pasipo hiyo ukijani haufanyiki.

Mzizi, kwa kuwa hauoni jua, hungojea sukari ishuke kutoka majanini, nao huiunguza kwa oksijeni iliyomo katika nafasi za udongo, ili upate nguvu ya kufyonza chumvichumvi hizo. Maji yakizijaza nafasi hizo, oksijeni huisha kwa siku moja au mbili, mzizi ukadhoofu. Na naitrojeni yenyewe, kama haikuchukuliwa chini na maji, hugeuzwa na vijidudu vya udongo ikapotelea hewani. Mbolea itupwayo katika hali hiyo ni mali iliyotupwa. (Mpunga usiwadanganye: huo umejaaliwa njia za hewa ndani ya shina hadi mizizini.)

Mahindi machanga yamo hatarini zaidi, kwa sababu hadi jani la tano au la sita kichomozo chake, yaani ncha ichipuzayo majani, kingali chini ya ardhi. Toeni maji kwanza kwa mifereji. Msiingie kupalilia udongo ungali tope, kwani miguu huushindilia. Ukishakauka kiasi, palilieni, kisha ndipo mtie mbolea.

Na kabla hujafungua mfuko, ng'oa mche mmoja wa manjano uitazame mizizi yake: ikiwa myeupe na imara, mahindi yana njaa, yatilie mbolea; ikiwa imekuwa ya kahawia, laini, yenye kunuka, chukua jembe uchimbe mfereji.