Udongo Unaochelewa Kukauka: Mwongozo kwa Wakulima na Wenye Nyumba wa Ohio na Indiana

Kijitabu hiki ni kwa ajili ya nani

Kimeandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko, ambao sasa wanalima bustani, wanakodi shamba au wanatafuta nyumba ya kununua katika nchi tambarare ya Ohio na Indiana. Kinaeleza udongo mmoja ulioenea sana huko, unaoitwa Blount. Wapimaji wa udongo wa Marekani wana madaraja saba ya namna ardhi inavyopitisha maji. Ukianzia kwenye udongo unaokauka upesi kuliko wote, Blount unashika daraja la tano: maji yanatoka, lakini polepole, na kwa miezi kadhaa yanakaa karibu na mizizi.

Si udongo mbaya. Unatoa mahindi, soya na ngano kila mwaka. Anayeumia ni yule anayeuingilia wakati haujawa tayari, au anayejenga juu yake bila kujua maji yanasimama wapi.

Ulikotoka

Katika zama za barafu, barafu nene iliyoshuka kutoka Kanada ilifunika eneo hili. Ilisaga mawe na kubeba mfinyanzi, mchanga na kokoto vikiwa vimechanganyika, kisha ikavikandamiza kwa uzito wake. Takriban miaka 14,000 iliyopita ilikuwa imekwisha kuondoka Ohio, ikaacha uwanda wenye mwinuko mdogo tu. Baadaye ukaota msitu wa mialoni na miti mingine ya majani mapana, na chini ya msitu huo udongo ukajipanga kwa tabaka.

Tabaka la juu lina unene wa sentimita 20 hadi 25. Rangi yake ni kahawia ya kijivu, na ukilisugua kwa vidole ni laini kama unga. Chini yake kuna mfinyanzi mzito. Karne nyingi za mvua zimeteremsha chembe za mfinyanzi kutoka juu na kuzijaza humo. Ukiendelea kuchimba, mara nyingi kabla ya kufika mita moja, unakuta mchanganyiko ulioachwa na barafu: mgumu, wenye vijiwe na chokaa. Kipande chake kikidondoshewa siki huweza kutoa povu. Mizizi michache sana hupenya hapo, na maji hupita kwa shida.

Maji yanakaa wapi, na lini

Eneo hili hupata mvua na theluji ya takriban milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka. Wakati wa baridi mimea imelala na jua ni hafifu, hivyo maji hayarudi hewani kwa wingi. Yanashuka hadi kwenye tabaka gumu, yanazuiwa, kisha yanaanza kupanda. Kuanzia Januari hadi Mei unaweza kuyakuta sentimita 30 hadi 60 tu kutoka juu, na pengine karibu zaidi ya hapo.

Mimea inapokua yanashuka tena. Ndiyo maana shamba lililokuwa na madimbwi Aprili linaweza kunyausha mahindi Agosti. Mizizi iliyokosa hewa wakati wa masika haikushuka chini, na kiangazi kinaikuta ingali juujuu.

Jinsi ya kuutambua

Huna haja ya kungoja mvua. Chimba shimo la sentimita 60, kata ukuta wake kwa koleo au kisu upate uso safi, kisha tazama rangi kuanzia juu kwenda chini.

• Kahawia au njano iliyoenea sawasawa: hewa ipo mwaka mzima.
• Kahawia ya njano iliyochanganyika na mabaka ya kijivu na madoa ya rangi ya kutu: maji husimama hapo kwa muda, kisha huondoka.
• Kijivu kitupu: maji hukaa karibu wakati wote.

Sababu ni chuma kilichomo udongoni. Maji yakijaza vitundu, hewa huisha, na vijidudu hukigeuza chuma kikayeyuka na kusafiri na maji. Mahali kilipotoka hubaki kijivu. Kinapokutana na hewa tena, hasa kandokando ya njia za mizizi ya zamani, huganda na kuwa kutu. Kwenye Blount mabaka hayo huanza mara tu baada ya tabaka la juu. Pima kwa rula kina cha baka la kijivu la kwanza, kwa sababu kipimo hicho kinakueleza maji hufika wapi hata ukichimba siku ya jua kali.

Tahadhari kuhusu rangi ya juu. Mashamba yanapolimwa mwezi wa Aprili huonyesha mabaka mapana, mengine meupe-meupe, mengine meusi. Mtu aliyezoea kuona weusi kama dalili ya rutuba atachagua sehemu nyeusi. Hapa weusi huo mara nyingi ni wa udongo uitwao Pewamo, unaokaa mabondeni na kutuamisha maji kuliko Blount. Sehemu zilizoinuka kidogo zaidi huwa na Glynwood, unaokauka mapema. Aina hizo zote tatu za udongo zinaweza kuwa ndani ya shamba moja, na tofauti ya kimo isizidi mita chache.

Kwenye bustani na shambani

Kabla ya kulima, chukua udongo wa kina cha sentimita 10, ufinyange kuwa tonge, kisha ulibonyeze kwa kidole gumba. Likivunjika vipande, ingia kazini. Likitoa utepe unaong'aa, acha. Udongo huu ukikanyagwa au kupitiwa na trekta ungali mbichi hushikamana, na donda hilo halitibiki kwa msimu mmoja.

Kwa bustani ya nyumbani, inua matuta ya sentimita 15 hadi 30 na uchanganye mboji. Mchicha, maharage na matembele husitawi juu ya tuta hata kama kuna maji chini yake. Usipande matembele kabla baridi ya usiku haijaisha, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, maana udongo wenye maji hupata joto polepole. Usichanganye mchanga kidogo kwenye mfinyanzi ukidhani utaulainisha. Mara nyingi huzidi kuwa mgumu. Pima pia uchachu, kwa sababu tabaka la juu linaweza kuwa na asidi na kuhitaji chokaa ingawa chini chokaa ipo tele.

Wenye mashamba makubwa hutumia mabomba ya kutoa maji yaliyofukiwa chini. John Johnston, mkulima Mskoti aliyehamia jimbo la New York, ndiye anayetajwa kuleta utaratibu huo Marekani katika miaka ya 1830, kwa vigae vya udongo wa kuchoma. Katika miaka ya 1890 James Hill wa Ohio alitengeneza mashine ya mvuke ya kuchimba mitaro, na kazi iliyokuwa ya koleo ikaenda kwa kasi. Siku hizi hutumika mabomba ya plastiki yenye matundu. Kabla ya kukodi shamba, uliza kama lina mabomba, ni ya umri gani, na yanamwaga maji wapi.

Usichimbe mtaro mpya mahali penye kinamasi bila kuuliza. Tangu mwaka 1985 sheria ya shirikisho humnyima ruzuku za kilimo mkulima anayekausha ardhi oevu ili alime.

Maji yanayotoka yanaenda wapi

Sehemu kubwa ya udongo huu imo katika bonde la mto Maumee, unaoingia Ziwa Erie mjini Toledo. Mabomba yanayookoa mahindi hubeba pia nitrati na fosforasi hadi ziwani, na mwani wenye sumu hushamiri. Agosti 2014 watu zaidi ya 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku karibu tatu. Mwaka uliofuata Ohio ilizuia, isipokuwa kwa masharti maalumu, kumwaga samadi juu ya ardhi iliyoganda, yenye theluji au iliyojaa maji katika bonde la magharibi la ziwa hilo. Weka mbolea ndani ya udongo, si juu, na kwa kiasi ambacho kipimo kimeonyesha.

Kabla ya kununua nyumba

• Besimenti: tafuta alama za maji ukutani. Hakikisha kuna pampu ya kutoa maji, kisha mwombe mwenye nyumba aiwashe mbele yako.
• Maji taka: nje ya mji, nyumba nyingi hutegemea tangi na uwanja wa kunyonya maji. Blount hunyonya polepole, hivyo mara nyingi hutakiwa uwanja ulioinuliwa kwa mchanga. Omba kumbukumbu za ukaguzi kutoka ofisi ya afya ya kaunti.
• Msingi na njia ya gari: udongo wenye maji huvimba ukiganda. Msingi lazima ushuke chini ya kina kinachotakiwa na sheria za ujenzi za eneo lako.
• Msimu: kagua kiwanja Machi au Aprili. Agosti kila kiwanja huonekana kikavu.

Wapi pa kuanzia

Ramani ya bure ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, Web Soil Survey, hukuonyesha jina la udongo wa kiwanja chochote na kina cha maji yake kwa kila mwezi. Ramani haioni kila kona, kwa hiyo ithibitishe kwa shimo lako. Piga 811 siku kadhaa kabla ya kuchimba, bila malipo, ili nyaya na mabomba ya gesi yawekewe alama. Kila kaunti ya Ohio na Indiana ina ofisi ya uhifadhi wa udongo na maji. Nenda na kipimo cha baka lako la kijivu la kwanza, uwaulize kinaruhusu nini na kinakataza nini kwenye ardhi yako.