Majani ya Mwarobaini: Kikombe Si Kipimo

Mkazi wa Balangdalalu anaponunua majani makavu ya mwarobaini, mafungu mawili yanayolingana kwa ukubwa huenda yasilingane kwa nguvu. Viambato vya dawa hupungua au kuongezeka kulingana na mti, udongo, majira, umri wa jani na namna lilivyokaushwa na kuhifadhiwa. Uchungu mdomoni hauonyeshi kiasi chake. Hivyo, kikombe cha leo chaweza kuwa hafifu na cha kesho kikali. Kidonge cha dawa mseto, kinyume chake, hutengenezwa kwa kiasi kinachojulikana. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe malaria. Mjamzito asinywe mwarobaini. Ukitumia tiba asili yoyote, mweleze mhudumu wa afya.