Kuchagua Masafa na Antena za Kupokelea Picha za Redio: Zoezi la Mada ya Mawimbi

Mada ya mawimbi ni miongoni mwa mada ambazo mwanachuo huzikariri vizuri na kuzielewa vibaya. Ataandika ubaoni bila kusita kwamba mwendokasi wa wimbi ni masafa mara urefu wa wimbi. Lakini ukimpa kipande cha waya na kumwuliza akikate wapi ili kipokee masafa fulani, atakutazama kana kwamba umebadili somo. Makala haya yanaeleza zoezi ambalo nimelitumia na wanachuo wa Fizikia wa mwaka wa pili ili kupunguza pengo hilo, yaani kupokea picha zinazorushwa polepole na watu wa redio ya ridhaa. Hao ni watu wenye leseni wanaowasiliana bila malipo, kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha. Nia yangu si kumfanya mwalimu awe fundi wa redio, bali kumwonyesha kwamba uchaguzi wa masafa na uchaguzi wa antena ni jambo moja, na kwamba wanafunzi wanaweza kulifikia kwa hoja zao wenyewe.

Kwanza tuieleze picha yenyewe. Mbinu hii ilibuniwa na Mmarekani Copthorne Macdonald mwishoni mwa miaka ya 1950. Picha hugeuzwa kuwa mlio: weusi ni hezi 1500, weupe ni hezi 2300, na vivuli vya katikati huangukia baina ya viwango hivyo. Mlio mfupi wa hezi 1200 hutenganisha mstari mmoja na mwingine. Kwa kuwa ni mlio tu, hupita katika redio yoyote inayoweza kupitisha sauti ya mtu. Gharama yake ni muda. Picha za awali, zisizo na rangi, zilichukua sekunde 8. Mtindo wa rangi uitwao Martin 1 huchukua sekunde 114 hivi, na ule wa Robot 36 huchukua sekunde 36, kama jina lake linavyodokeza. Zamani ilihitajika mitambo ya pekee. Siku hizi simu ya mkononi yenye programu isiyolipiwa, ikiwekwa karibu na spika ya redio, huichora picha hiyo mstari kwa mstari mbele ya macho ya darasa.

Jaribio lililoshindwa

Mara ya kwanza nilishindwa, na nalieleza kosa langu kwa kuwa ndilo lililozaa somo. Nilikuwa nimeazima redio ya mawimbi mafupi yenye swichi ya SSB. Nilijua kwamba picha nyingi hurushwa kwenye megahezi 14.230, nikafunga waya wa mita 10 kutoka kwenye mwembe hadi kwenye paa la bweni, kwa sababu tu mwembe na bweni ndivyo vilivyokuwapo. Wanachuo 42 waliketi tangu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Milio ya picha tuliisikia, hafifu, chini ya mngurumo mkubwa. Kwenye kioo cha simu zikaja chenga tupu. Mwanachuo mmoja akauliza mbele ya wenzake, “Mwalimu, kanuni uliyotufundisha ndiyo mbaya, au waya ndio mbaya?” Sikuwa na jibu usiku ule.

Kesho yake nililiandika swali lake ubaoni na kuwaachia. Kikundi cha kwanza kilirudia hesabu. Ukigawanya 300 kwa 14.230 unapata urefu wa wimbi wa mita 21.08, na nusu yake ni mita 10.54. Waya halisi hukatwa pungufu kidogo, kama sehemu 5 katika 100, kutokana na hali ya umeme kwenye ncha zake; ndiyo maana mafundi hugawanya 143 kwa masafa ili kupata urefu wa dipoli, yaani waya wa nusu wimbi uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo. Jawabu ni mita 10.05. Kanuni, basi, ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima.

Kikundi cha pili kilitoka nje na dira. Wakarudi na habari kwamba waya wetu ulielekea kaskazini na kusini. Hapo ndipo darasa lilipochangamka. Dipoli husikia vizuri zaidi kwa ubavu wake, na ncha zake ni kama kiziwi. Warushaji tuliokuwa tukiwatafuta walikuwa Ulaya, yaani kaskazini mwetu. Sisi tulikuwa tumewaelekezea ncha, na ubavu tukaupa Bahari ya Hindi upande mmoja na misitu ya Kongo upande mwingine. Aidha, ncha moja ilikaa juu ya bweni lenye taa za mirija na chaja za simu kadhaa wa kadhaa, na vifaa hivyo humwaga kelele nyingi katika mawimbi mafupi. Katika masafa haya adui wa mpokeaji ni kelele kuliko unyonge wa mawimbi: waya mfupi uliowekwa mahali patulivu hushinda waya bora uliofungwa juu ya chaja.

Tuliuhamishia waya kwenye mikaratusi miwili nyuma ya uwanja wa michezo, tukaunyoosha mashariki na magharibi, kimo cha mita 10 hivi. Kimo nacho kina maana yake. Dipoli iliyo chini sana huelekeza nguvu zake juu wima, jambo linalofaa kwa majirani. Wimbi la kutoka Ulaya hufika likiwa limeinama karibu na upeo wa macho, na ili kulidaka vizuri waya hutaka kimo cha nusu wimbi au zaidi. Kebo tuliyotumia ni ile ya kawaida ya antena ya televisheni, ya omu 75, ambayo hulingana vizuri na dipoli. Usiku wa tatu ikaja picha ya bandari, yenye mistari michache ya kelele, na alama za mwito zilizoanza kwa herufi I, ambayo ni ya Italia.

Masafa na saa

Wimbi la megahezi 14 haliwezi kufika kutoka Italia kwa mstari mnyoofu, kwa kuwa dunia ni mviringo. Hurudishwa chini na tabaka la ioni lililo juu ya anga, nalo tabaka hilo ni kazi ya jua. Mwalimu asikose kuitumia nafasi hii, kwani wanafunzi hudhani kwamba masafa huchaguliwa mara moja kama duka la kununulia sukari. Mchana sehemu ya chini ya tabaka hilo humeza mawimbi ya masafa madogo. Usiku sehemu hiyo hutoweka, na masafa madogo yakaanza kusafiri. Masafa makubwa nayo hutegemea wingi wa ioni za juu: zikipungua usiku, wimbi hupenya na kupotelea angani. Kwa hiyo megahezi 28.680 na 21.340, ambazo pia hutumiwa kwa picha, ni za mchana, 14.230 kwetu Afrika Mashariki hufaa kwa kawaida tangu alasiri hadi usiku wa mapema, na 7.165, inayotumiwa hasa Ulaya, ni ya usiku. Mwanachuo akilalamika kwamba masafa fulani ni mabaya, mwulize alisikiliza saa ngapi. Na akumbuke kupunguza saa tatu, maana watu wa redio hupanga miadi yao kwa saa ya dunia na si kwa saa yetu.

Jua nalo lina msimu wake wa takriban miaka 11. Mwaka 2019 lilikuwa tulivu, na megahezi 28 zilikuwa kimya kwa siku nyingi; mwezi Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba limefikia kipindi cha kilele, na masafa hayo yakawa yamechangamka. Atakayerudia zoezi hili miaka kadhaa baadaye asishangae akipata matokeo tofauti na yangu kwa waya uleule.

Picha kutoka angani

Baada ya mafanikio hayo nikawapa wanachuo chanzo cha pili ili nione kama wameelewa au wamekariri tu. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 400 hivi, mzunguko mmoja kwa dakika 93 hivi. Katika siku maalumu, ambazo hutangazwa mapema, hurusha picha kwenye megahezi 145.800 kwa mtindo wa FM, mara nyingi kwa namna iitwayo PD120 inayochukua dakika mbili hivi. Redio ya kawaida ya FM huishia megahezi 108, basi haifai. Tulitumia redio ya mkononi ya masafa hayo.

Hapa hakuna tabaka la kurudisha wimbi, wala saa nzuri na saa mbaya za jua. Kuna mstari mnyoofu tu: kituo kikiwa juu ya upeo wa macho husikika, kikizama hakisikiki, na kipindi chote hakizidi dakika kumi na kitu. Hesabu ya antena ikawa rahisi: robo wimbi, sentimita 49, fimbo moja iliyosimama na nyingine nne zilizoinamishwa chini yake. Nondo nyembamba za shaba na kipande cha ubao vilitosha.

Ndipo mwanachuo yuleyule wa swali la kwanza akapinga. Alisema fimbo iliyosimama haisikii vizuri kilicho juu ya kichwa chake, na kituo kinapita juu. Ni kweli. Niliwaambia wapige hesabu ya umbali. Kikiwa utosini kituo kiko kilomita 400. Kikiwa kwenye upeo wa macho, kwa kanuni ya Pythagoras na nusu kipenyo cha dunia cha kilomita 6,371, kiko karibu kilomita 2,300. Umbali umezidi karibu mara sita, na nguvu zinazotufikia zimepungua zaidi ya mara 30. Fimbo yetu, basi, husikia vizuri pale kituo kilipo mbali na vibaya pale kilipo karibu: udhaifu wake umekaa mahali usipodhuru sana. Sijapata kuona darasa likiifurahia kanuni ya kinyume cha mraba kama siku ile.

Jambo jingine lililowasumbua ni usahihi wa masafa. Kwenye 14.230, redio ikikosewa kwa hezi 200 tu picha huharibika, kwa kuwa kati ya weusi na weupe kuna hezi 800 na sisi tumesogeza robo nzima. Lakini mwendo wa kituo cha anga huyasogeza masafa kwa karibu kilohezi 3.5, na picha haidhuriki! Sababu ni kwamba katika SSB kimo cha mlio hutokana na tofauti baina ya masafa yanayoingia na yale ya redio yetu. Katika FM mlio hubebwa na mtikisiko wa wimbi lenyewe, na mtikisiko haubadiliki kwa kusogea kidogo. Niliwaacha wabishane juu ya hili kipindi kizima.

Kuhusu usimamizi wa darasa nitasema machache. Simu inaposikiliza kwa maikrofoni, kikohozi cha mwanafunzi huacha mchirizi kwenye picha, na kicheko kinachofuata huacha mwingine. Kama upo waya wa kuunganisha tundu la spika za masikio na simu, utumike. Kundi moja lishike antena, moja lishike saa, moja liandike masafa, hali ya hewa na ubora wa picha. Kurusha picha kunahitaji leseni, na hata kwa kupokea ni vyema uongozi wa chuo uulize kwanza mamlaka ya mawasiliano.

Mwishoni mwa zoezi huwapa wanachuo waya wa mita 12, kebo, na masafa matatu, kisha huwataka wachague moja na kutetea uchaguzi wao kabla ya kugusa mkasi. Walio wengi huanza kwa kugawanya 143. Alama za kwanza nawapa wale wanaoanza kwa kuuliza mrushaji yuko upande gani, na sasa ni saa ngapi.