Maswali na majibu: Namba 2,147,483,647

Namba hii imeundwaje?

Ni 2 kwa kipeo cha 31, kasoro 1. Ikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 peke yake, kama kompyuta zinavyofanya, inakuwa mfululizo wa moja thelathini na moja bila sifuri hata moja. Karibu sifa zake zote zinatokana na umbo hilo.

Inaingia katika makundi gani?

Ni witiri, tena ni namba tasa: haina vigawo ila 1 na yenyewe. Namba tasa za umbo hili zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha orodha ya vipeo vyake mwaka 1644. Orodha hiyo ilikuwa na makosa, kwa mfano 67 na 257 hazikustahili kuwamo, lakini kwa 31 alipatia. Namba yetu haina tasa pacha, yaani tasa nyingine inayotofautiana nayo kwa 2: 2,147,483,645 inaishia na 5, na tarakimu za 2,147,483,649 zikijumlishwa zinatoa 48, kwa hiyo inagawanyika kwa 3.

Nani alithibitisha kuwa ni tasa?

Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St Petersburg na macho yake karibu yamezima kabisa. Inatosha kujaribu vigawo tasa hadi kipeuo cha pili cha namba hii, ambacho hakifiki 46,341, na chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu. Lakini kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kwa sharti hilo zinasalia chini ya mia moja. Ya kwanza ni 311, nayo inaacha baki ya 35. Inayofuata ni 1,303, na kuendelea. Hakuna hata moja inayoigawa.

Ina uhusiano gani na namba timilifu?

Namba timilifu ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote, yenyewe ikiachwa: 6 ni 1 + 2 + 3. Tangu enzi za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, inajulikana kwamba tasa ya Mersenne ikizidishwa kwa nusu ya namba inayoifuata hutoa namba timilifu. Hapa jibu ni 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kuwa haitapatikana kubwa zaidi, maana nani angejisumbua? Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, kasoro 1, ni tasa, na hapo ikapatikana timilifu kubwa kuliko hiyo kwa mbali.

Kwa nini watengenezaji wa programu wanaijua?

Katika nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, biti moja ikitumika kwa alama ya chanya au hasi, hii ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuhifadhiwa. Kwa kawaida ikiongezwa 1 hugeuka kuwa −2,147,483,648. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa nafasi hiyo itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Inayotumia biti 64 haiguswi.