Jumatano: Naye Apate Kupumzika

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15. Kwa nini watumwa wametajwa katika amri ya kupumzika?

Katika Kutoka 20 msingi wa Sabato ni uumbaji. Hapa Musa anaongeza sababu nyingine: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, na mtumwa hajipangii pumziko lake. Hivyo mwenye nyumba anaagizwa kuhakikisha kwamba aliye chini yake anapumzika kwa kipimo kilekile anachopumzika yeye.

Kipimo hicho kinamhusu mfanyakazi mwenye ulemavu wa viungo. Nchini Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 iliweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma. Lakini saa hizo hazihesabu jasho lote. Anayetembelea magongo huamka mapema kuliko wenzake, hugombania daladala, hupanda ngazi, na hurudi nyumbani amechoka mara mbili. Wengine huogopa hata kuomba likizo, wasije wakaonekana mzigo kazini.

Soma Luka 13:10–17. Yesu alitumia mfano gani kutetea tendo lake?

Mwanamke yule alikuwa amepinda kwa miaka 18, na bado alikuja katika sinagogi. Yesu hakungoja aombe, alimwona, akamwita. Kisha akawakumbusha kwamba wao wenyewe huwafungua ng'ombe na punda siku ya Sabato, wakawanyweshe maji. Mnyama aliyefungwa hajifungui, yupo anayemfungua. Sabato ni siku ya kuwafungua wengine.

Si kila ulemavu utaondolewa kabla Yesu hajarudi, lakini pumziko halingojei uponyaji. Mefiboshethi alibaki kiwete miguu yote miwili, na bado alikula mezani pa mfalme siku zote (2 Samweli 9:13). Kanisa laweza kumwombea ndugu apone, kisha likapanga matembezi ya Sabato alasiri kwenye kilima asichoweza kukipanda. Ni heri kumwuliza kwanza ni nini humburudisha, na kupanga pamoja naye. Huenda anahitaji mtu wa kumchotea maji Ijumaa, siku ya maandalio, ili jua likizama awe amekwisha kuketi.

Tafakari: Ni nani katika kundi lenu ambaye Sabato humchosha kuliko siku za kazi? Mtamfungulia nini juma hili?