Vidokezo 7 vya kuuzoea muziki wa klasiki wa leo mkiwa kundi

Ukitaja klasiki, wengi huwaza Mozart na Bach. Kumbe watunzi wa fani hiyo bado wapo na wanatunga. Tatizo ni kwamba kazi zao ukizisikiliza peke yako, dakika ya pili umeshazima. Dawa ni kundi: watu watano au sita, spika moja, jioni moja kwa mwezi. Mkiwa wengi, aibu ya kutoelewa huisha na subira huongezeka.

1. Chagueni kwa zamu. Kila mwezi mmoja alete kipande kisichozidi dakika 20. Kazi ndefu kama Music for 18 Musicians ya Steve Reich, inayokaribia saa nzima, iwekeni hadi masikio yaive.

2. Anzeni na kilicho laini. Spiegel im Spiegel (1978) ya Arvo Pärt wa Estonia ni piano na fidla tu. Piano inatembea noti tatu tatu, fidla inavuta sauti ndefu juu yake. Hata yule aliyekuja kubisha atanyamaza.

3. Pigeni wenyewe. Mwaka 1970 Reich alikwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe. Mwaka 1972 akatunga Clapping Music, kazi ya makofi matupu ya watu wawili. Jaribuni: makofi matatu, pumziko, mawili, pumziko, moja, pumziko, mawili, pumziko. Hayo ni mapigo 12. Wote wakishashika, mmoja abaki hapohapo, mwenzake asogee pigo moja mbele, baadaye jingine, hadi wakutane tena walipoanzia. Mtapotea mapema na mtacheka sana. Baada ya hapo wekeni rekodi: mtasikia ufundi pale mlipodhani ni mchezo.

4. Hukumu ije mwisho. Kabla ya "nzuri" au "mbaya", kila mtu aseme alichosikia. "Kama mlango usiotiwa mafuta" ni jibu halali kabisa, na mara nyingi ndilo linalofungua mazungumzo.

5. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipande kigeni kisikilizeni mara mbili bila kukidai chochote. Mara ya tatu kipeni kazi: huyu afuate selo, yule ahesabu mapigo, mwingine angoje pale sauti inapobadilika.

6. Tafuteni cha jirani. Mwaka 1992 Kronos Quartet, kundi la Marekani la fidla mbili, viola na selo, lilitoa albamu ya Pieces of Africa, yenye kazi za watunzi wa Afrika. Humo yumo Justinian Tamusuza wa Uganda na kipande chenye jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba. Yumo pia Hamza El Din, Mnubi, ambaye Escalay yake inazunguka kama gurudumu la kuteka maji lililoipa jina. Aliyezoea ngoma atajikuta mwenyeji kabla ya wenzake.

7. Sikilizeni kimya. Mwaka 1952 huko Woodstock, New York, mpiga piano David Tudor aliketi dakika nne na sekunde 33 bila kugusa noti hata moja. Ndiyo kazi ya John Cage, 4'33". Zimeni simu, mkae muda huohuo. Feni, bodaboda nje, tumbo la mwenzenu: vyote vitasikika. Kipande kitakachofuata mtakipokea kwa masikio yaliyooshwa.

Hakuna anayehitaji kusoma noti ili aanze. Watumie ujumbe watu watano leo, wape tarehe, bandika chai. Na yule rafiki mbishi usimwache nje. Kundi bila mbishi husinzia.