Siku ya Nafuu Ndiyo ya Kuangalia

Mabega, kiuno, mapaja, magoti: vyote vinauma kwa pamoja, mwezi huu na mwezi uliopita. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na nyumbani wameanza kunong'ona kwamba mama ni mvivu, au karogwa. Hapana. Maumivu ya mwili mzima yakizidi miezi 3, mara nyingi mishipa ya fahamu na ubongo vimeshazoea kupiga kelele hata pasipo jeraha. Maumivu ni ya kweli, na wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume.

Hapa Gatete, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kinachorudisha wengi nyuma ni siku ya nafuu. Mama akiamka mwepesi, anachota maji safari nne, anakamua mawese, anaanika ndagala; kisha siku tatu hainuki. Siku ya nafuu fanya nusu ya unachoweza. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Chukua ya lita 10. Ndagala usizianike mchangani ukiwa umejikunja. Vichanja vya wavu ambavyo FAO ilivifundisha mwambaoni kwetu vililenga usafi wa samaki, lakini kichanja kikifika usawa wa kiuno, mgongo nao unapona.

Mwaka 2017 wataalamu wa Ulaya walipima tiba za maumivu haya ya mwili mzima, na mazoezi peke yake ndiyo waliyoyasisitiza kwa nguvu. Utasema, "Mimi nalima kila siku!" Lakini jembe halikuulizi kama umechoka; mazoezi unayapima mwenyewe. Tembea dakika 10 kila siku, wiki ijayo ongeza 2. Mwanzoni maumivu yanaweza kupanda kidogo; usiache. Kando ya ziwa nenda asubuhi. Magharibi waachie viboko.

Lala na kuamka saa zilezile. Kahawa ya jioni iache. Ibuprofeni ya kila siku huchoma tumbo na kuumiza figo. Deksametazoni ya dukani huvimbisha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Daktari akikuandikia amitriptilini kidogo ya usiku, hajakuita mwendawazimu: husaidia usingizi na maumivu.

Kiungo kikivimba, homa isipoisha, ukikonda bila sababu, miguu ikilegea au mkojo ukikutoka, nenda kituo cha afya bila kungoja.

Baba na watoto, chukueni bidoni kabla hajaomba. Na asubuhi msimwulize, "Bado unaumwa?" Mwulizeni jana alitembea mpaka wapi.